Mkalimani Aliyekataa Kusemewa

Mahakamani Nakuru, watu walimjua Celestine Nanyama kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa mkalimani. Mshtakiwa akijitetea kwa Kibukusu, yeye aligeuza kwa Kiswahili. Shahidi akieleza kwa Kinandi, hakimu aliandika Kiingereza kilichotoka kinywani mwa Celestine. Na mama akilia katikati ya ushahidi wake kwa Kikuyu, Celestine alimngoja amalize kulia, kisha akatafsiri alichosema bila kutia chumvi na bila kupunguza.

Lugha hizo, ukiacha Kiingereza, hakuzisomea popote. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na yeye alilelewa katika kota za reli, akiruka kamba na watoto wa kila kabila na kugombana nao kwa lugha za mama zao. Alipenda kusema kwamba matusi ndiyo yaliyomfundisha sarufi.

Neno la kwanza kumtoroka lilikuwa dogo tu. Mzee mmoja kutoka Molo alikuwa akieleza jinsi alivyomkuta ng'ombe wake aliyeibwa amefungwa kwenye mti. Celestine akaanza kutafsiri, na alipofika pale pa kusema ng'ombe alifungwa kwa kitu gani, ulimi ukasimama. Aliiona kamba yenyewe kichwani, kamba ya mkonge iliyochakaa. Jina lake halikuja.

"Alikuwa amefungwa na... na ile ya kufungia," akasema.

Watu wakacheka kidogo. Hakimu akainua macho, akayashusha, kesi ikaendelea. Celestine naye alicheka, akadhani ni uchovu.

Haukuwa uchovu. Kadiri miezi ilivyopita, maneno mengine yalifuata lile la kwanza, kisha hata yale yaliyobaki yakaanza kuachana. Badala ya kusema "Alienda shambani jana asubuhi," alisikia mdomo wake ukisema, "Yeye... enda... shamba." Jasho lilimtoka kwa sentensi ambayo mtoto wa chekechea angeimaliza. Wakili mmoja alilalamika kwamba ukalimani unakwama. Hatimaye hakimu, mtu mwenye heshima zake, alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Celestine, nenda uonwe na daktari. Umetufanyia kazi nzuri. Pumzika."

Alipumzika akiwa hajafika hata miaka sitini, na huko nyumbani porojo zikamkuta. Wengine walisema amekuwa mlevi, yeye ambaye hakuwahi kuonja busaa hata kwenye harusi yake. Wengine walisema mmoja wa wale waliofungwa jela kwa ushahidi alioutafsiri amemfunga ulimi. Kanisani walimwekea mikono, wakamwombea. Hilo alilikubali kwa moyo safi. Lakini Jumapili iliyofuata alipowakuta wamemweka mtu mwingine kwenye kiti chake cha mwenyekiti wa kina mama bila kumwambia, alitoka kanisani kabla ya sadaka, na hakumuaga mtu.

Mwanawe wa pekee, Khaemba, alikuwa na gereji kando ya barabara kuu pale Gilgil. Alikuwa kijana mwema, na alikuwa ameingiwa na hofu. Alimpeleka mama yake kwenye kliniki moja ya mjini. Daktari wa zamu alimwonyesha Celestine picha, akamtaka ataje majina. Moja ilikuwa ya mnyama mwenye mkia bapa kama mwiko, anatafuna mti. Celestine hakuwahi kumwona mnyama huyo maishani, na hata siku zake nzuri asingemtaja. Daktari akaandika. Akamwuliza ni siku gani. Celestine alijua ni Alhamisi, kwa sababu jirani yake hufungia cherehani mapema kila Alhamisi aende maombi. Neno likafika kwenye meno, likarudi.

Daktari akamgeukia Khaemba. "Hii ni dimensia, na imeenda mbali. Mama yako haelewi tena mambo. Usimwache peke yake, na usimwachie maamuzi yoyote."

Aliyasema hayo juu ya kichwa cha Celestine, kama mtu anayezungumza juu ya kochi ambalo halijulikani litawekwa wapi. Celestine alisikia kila neno. Angeweza kulitafsiri kwa lugha nne, kama mdomo ungekubali.

Siku hiyohiyo Khaemba alichukua funguo za nyumba na simu ya mama yake.

"Mum, ni kwa uzuri wako."

"Mimi... mimi... la!" Celestine alisema. Hilo "la" lilitoka kwa nguvu hadi likamshtua mwenyewe. Khaemba aliinamisha kichwa, lakini funguo alizitia mfukoni.

Ikawa kila mahali Khaemba anamsemea. Dukani: "Anataka mkate." Hakutaka mkate. Kwa wageni: "Amechoka." Hakuwa amechoka. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo, kwa kuwa haikuwa na maneno, watu waliiita ugonjwa.

Jambo moja tu ndilo lililomkata miguu kila alipotaka kupigana. Wiki chache nyuma alikuwa ameacha maharagwe kwenye gesi akatoka kwenda kwa mama mboga. Alihangaika pale nje kulitafuta jina la mboga aliyoitaka, "sukuma", mpaka akasahau maharagwe. Aliporudi, sufuria ilikuwa nyeusi na pazia limeanza kushika moto. Hilo lilikuwa kweli. Hakujidanganya kuhusu hilo.

Aliyemtoa mahali hapo ni Anyango, jirani yake, yule wa cherehani. Mumewe Anyango alipopatwa na kiharusi, kulikuwa na mtaalamu wa tiba ya usemi hospitalini aliyemsaidia kuzungumza tena.

"Khaemba," Anyango alimwambia, "huyu mama yako akinitazama naona ananiambia vitu. Mpeleke kwa yule msichana wa hospitalini kabla hujaamua chochote."

Msichana mwenyewe aliitwa Jeruto, mwembamba, kutoka upande wa Ravine, na ofisi yake ilikuwa na meza moja na viti vitatu visivyofanana. Alisimama Celestine alipoingia.

"Chamgei," alimsalimu kwa lugha ya kwao, ndugu ya Kinandi.

"Chamgei mising," Celestine akajibu, na jibu likawa limeshatoka kabla hajalitafuta. Wote wawili wakacheka.

Khaemba akavuta kiti mbele. "Sasa, daktari, shida ni kwamba haelewi ukimwambia..."

"Boss, wewe nitakuuliza baadaye," Jeruto alisema bila ukali. "Saa hii naongea na mama."

Alimsogezea Celestine karatasi na penseli. Celestine akazitazama, akazisukuma zikarudi upande wa pili wa meza.

"Mimi... si... mtoto."

"Najua, mama. Na sitaki kuona nani anachora vizuri, mimi mwenyewe nikichora mtu anafanana na kijiko. Niko na sababu. Mtu akikosa jina la kitu, mimi siwezi kujua kama ni jina limepotea ama ni kitu chenyewe kimepotea. Nikiangalia mdomo peke yake, aliyepoteza jina na aliyepoteza kitu wanafanana. Mkono ndio unanionyesha tofauti. Nataka kujua nini bado iko ndani. Ukikataa, ni sawa, tutatafuta njia ingine."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aache kazi mtu kumpa sababu. Celestine aliivuta karatasi.

"Nichoree baiskeli."

Mistari ilitoka ikiwa imepinda, kwa sababu tangu shule ya msingi hakuwa amechora kitu. Lakini baiskeli ilikuwa na magurudumu mawili, pedeli, cheni kutoka mbele mpaka nyuma, na kwenye keria akaongeza debe la maziwa lililofungwa kwa mpira wa tairi. Jeruto hakusema "vizuri sana" kwa ile sauti ya kusifia watoto. Aliitikia kwa kichwa tu, akaandika. Akamwonyesha mchoro wa kikombe na majani ya chai, akamwambia auige. Akaufunika, wakapumzika kidogo, akamwambia auchore tena bila kuutazama. Kisha akajaribu masikio yake: "Chora ng'ombe ananyonyesha ndama, halafu mtu asimame nyuma ya ng'ombe, siyo mbele." Celestine alichora, na mtu akasimama nyuma.

Khaemba alikuwa ameacha kuangalia simu yake.

"La mwisho," Jeruto akasema. "Nichoree kitu kimekuudhi wiki hii."

Hapo Celestine hakufikiri sana. Alichora mlango. Ndani ya mlango akachora mwanamke mdogo. Nje akachora mwanamume mrefu mwenye shada la funguo mkononi, na usoni mwake akaweka mdomo mmoja, kisha chini yake akaweka mwingine.

"Midomo miwili, mama?"

Celestine aliweka kidole kwenye mdomo wa juu. "Yake." Akakishusha kwenye wa chini, akamtazama mwanawe usoni. "Yangu."

Khaemba alikohoa, akageuka kutazama dirishani ingawa hapakuwa na cha kutazama ila ukuta wa wodi jirani.

Jeruto aliwaeleza wote wawili pamoja, akimtazama Celestine zaidi. Hiki si kiharusi, kwa kuwa kiharusi huja ghafla. Ni aina ya dimensia inayoanza kuila lugha kabla ya kugusa mengine. Kuna wagonjwa ambao jina la kitu likiondoka, maana ya kitu nayo huondoka. Celestine hakuwa hivyo. Alielewa anachoambiwa, alijua vitu na kazi zake, alijua nani amemfanyia nini. Kilichokuwa kikiharibika ni njia ya kutoka.

"Kwa hivyo yule daktari alikosea?" Khaemba aliuliza.

"Aliangalia mdomo peke yake."

Celestine akanyoosha mkono, akaushika wa Jeruto. "Hii... mbele?" Akasukuma hewa kwa kiganja, kama kitu kinachosonga.

Jeruto hakuzungusha. "Itasonga, mama. Sina dawa ya kuisimamisha. Maneno yatapungua, na siku nyingine hata michoro itapungua. Tutakuwa tukipima tujue imefika wapi. Lakini usikubali wakuzike kabla ya wakati."

Walipofika nyumbani, Khaemba alizima injini. Kisha akatoa funguo mfukoni na kuziweka kwenye mapaja ya mama yake. "Simu iko ndani ya droo yangu Gilgil," alisema. "Nitaileta. Mum, mimi nilikuwa naogopa tu." Celestine alimpiga kofi jepesi begani, lenye msamaha na onyo ndani yake.

Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kufika mbali. Khaemba alikuwa amempigia simu baba yake mdogo, Sitati, ndugu wa marehemu mume wa Celestine, na Sitati hakuwa mtu wa kuahirisha. Jumamosi alitua kutoka Chwele, kijijini kwao Bungoma, akiwa na koti lake zito na shauri lililokwisha kukatwa: shemeji yake ahamishiwe nyumbani Bungoma, akae kati ya watu wake, nyumba ya Nakuru ifungwe.

Walikaa sebuleni, Sitati, Khaemba, na Anyango aliyeitwa kama jirani. Celestine alikuwa ameketi papo hapo. Sitati alisema kwa upole, na alisema vizuri. Alisema ndugu yake asingependa mkewe ateseke peke yake mjini. Alisema kijijini kuna wasichana wa kumtazama. Kila alipomtaja, alisema "huyu mama" na kumwelekezea Khaemba macho.

"La," Celestine akasema.

"Shemeji, tulia kwanza, tunakutafutia..."

"La!"

Alisimama. Alitaka kusema kwamba amezaliwa mji huu, kwamba Chwele hana rafiki hata mmoja, kwamba huko atawekwa kitini kivulini na kulishwa. Maneno hayo yote alikuwa nayo, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Alimgeukia Anyango, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake bila kuomba ruhusa, akatoa chaki ya fundi. Akapiga magoti kwenye sakafu yake nyekundu.

Upande mmoja alichora nyumba na watu wengi wameizunguka, na katikati mtu mmoja ameketi, asiye na uso. Akagonga hapo kwa kidole. "Huko." Upande wa pili akachora nyumba yake, ya Anyango pembeni na cherehani yake, duka, barabara, kanisa, hospitali. Akamchora mtu anayetembea kutoka moja hadi nyingine, na huyo akampa uso. "Hapa. Watu... wangu."

Sitati aliinama, mikono magotini, akautazama mchoro. "Nimeona, shemeji. Sasa niambie juu ya moto. Juzi nyumba ingeungua na wewe ndani."

Celestine alibaki amepiga magoti. Swali lilikuwa la haki, naye alikuwa amesikiliza maswali mengi ya haki maishani kiasi cha kulitambua. Alichora mtungi wa gesi ndani ya nyumba yake. Akaukata kwa mstari mkali. Akauchora upya, safari hii upande wa pili wa ua, kwa Anyango, na kando yake wanawake wawili na sufuria moja. Akainua macho kwa jirani yake.

"Mimi sina shida," Anyango akasema haraka. "Hata hivyo huwa anakuja kuonja mboga yangu na kuikosoa."

Sitati hakucheka. Ndipo Celestine alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimshika Sitati mkono, akamtia chaki kiganjani.

"Wewe," alisema. "Hofu."

"Shemeji, mimi sijui kuchora."

"Mimi... pia."

Mzee mzima, na koti lake, aliteremka sakafuni polepole. Alichora kisanduku chenye paa, na juu ya paa vijiti vijiti vya moto. Nje ya kisanduku akachora mtu. "Huyu ni mimi," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Watu wananiuliza ulikuwa wapi. Nilimwahidi ndugu yangu kitandani kwamba nitakutunza. Nitawajibu nini?"

Celestine alimtazama. Hakuwa ameijua ahadi hiyo. Akaichukua chaki, akamchorea mtu huyo mlango, akamchorea njia hadi ndani, na ndani akamwekea kiti.

"Kuja," alisema. "Kila... kila..." Neno halikuja. Akaonyesha duara la mwezi hewani kwa kidole.

"Kila mwezi," Sitati akamalizia, kisha akajishika mdomo kama aliyeiba. "Samahani. Ulitaka kusema kila mwezi?"

"Ndiyo."

Ndivyo alivyobaki na nyumba yake. Hakushinda yote. Gesi iliondoka, na Khaemba alikuja kulala kwa mama yake kila mwisho wa wiki, mama apende asipende. Jumapili alikwenda kanisani, akaketi mstari wa mbele wa kina mama pamoja na viongozi, na mwenyekiti mpya alipomwuliza kwa kunong'ona kama amepotea kiti, alimkata jicho lililotosha.

Alirudi kwa Jeruto kila alipoitwa. Karibu mwaka mmoja baadaye alichora tena baiskeli, na alipoiweka mezani wote wawili waliona haina cheni. Pedeli zilikuwa zinaelea, hazijashikwa na kitu. Jeruto aliweka mchoro wa kwanza kando ya ule mpya. "Sikufichi, mama," alisema.

Celestine aliitazama michoro hiyo miwili mpaka machozi yakaanza kumlenga. Kisha aliichukua penseli na kuitia cheni baiskeli yake, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Jeruto alimwacha. Aliandika alichopaswa kuandika, kwamba safari hii cheni haikuwepo mwanzoni, na pembeni akaandika kwamba mgonjwa aliona kosa mwenyewe.

Siku hizi Jeruto huwakusanya wagonjwa wake wa aina hii pamoja na jamaa zao, asubuhi moja kila mwezi. Hapo ndipo Celestine alipokutana na Ndegwa, mfugaji wa kuku kutoka Subukia, mzee mtanashati mwenye kofia. Ndegwa hakuwa na shida ya kusema. Maneno yalimtiririka, ila hayakuwa na kitu ndani. "Ile kitu, unajua, ile ya pale, tunaiwekea ile kitu asubuhi," alisema, na alisema kwa furaha kabisa. Jeruto alimpa karatasi amchoree kuku. Ndegwa, aliyeamka na kuku maisha yake yote, alichora mwili mnono, mkia, na chini yake miguu minne.

Mkwewe aliyemleta alipasuka kicheko. "Kuku ama ng'ombe, mzee?" Akatoa simu apige picha. Ndegwa akatabasamu naye, asijue kinachochekwa, kisha tabasamu likaanza kumtoka taratibu.

Kiganja cha Celestine kilitua mezani mpaka penseli zikaruka.

"Weka! Simu! Weka!"

Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikisikika mpaka nje ya mahakama. Mkwe aliiteremsha simu. Jeruto, aliyekuwa amefungua kinywa aseme, akakifunga.

Celestine alihamisha kiti chake hadi kando ya Ndegwa. Alichora kuku pembeni ya yule wa mzee, wa miguu miwili. Ndegwa akamtazama kuku huyo kwa makini, akamwiga, na wake akatoka na miwili. Jeruto alipofunika michoro yote na kumwomba achore tena, miguu ikarudi minne. Hakuna aliyecheka. Celestine hakuifuta. Alichukua karatasi nyingine safi, akaiweka mbele ya mzee, akamgeukia yule mkwe na kumwonyesha kwa penseli kiti kilichokuwa wazi karibu na baba mkwe wake.

"Hapa," alisema. "Kaa. Ona."

Kijana akaketi.